Uji wa Nakiru wakimbizana na machicha Kakuma

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Nakiru Lopeyok amepiga magoti mbele ya mafiga matatu katika shule moja ya chekechea mjini Kakuma, akipuliza moto kama mtu aliyekosana nao. Uji lazima uive kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Baada ya hapo, watoto wa mtaa huu huwa wameshapata kifungua kinywa kingine.

Kifungua kinywa hicho ni machicha, yale makapi ya mahindi yanayobaki pombe ya busaa inapochujwa. Hushibisha. Pia hulevya.

Leo kuni za mti wa mathenge ni mbichi, na Nakiru amechelewa.

Akai, mwenye umri wa miaka minne, anawasili akiwa na heshima kupita kiasi. Anasimama mbele ya mlingoti wa bendera, anauinamia na kuusalimia, "Ejok." Mlingoti haujibu. Akai anausubiri kwa uvumilivu wa mjumbe wa kamati, kisha anaketi chini kwa kishindo, bila kupanga.

"Akai mlevi! Akai mlevi!" wenzake wanaangua kicheko. Mwalimu Benard anawanyamazisha, ingawa naye anauma mdomo.

Nakiru hacheki. Anambeba mtoto, ananusa pumzi yake, anamlaza kivulini juu ya gunia.

"Hata mimi nilicheka zamani," anasema. "Ekal wangu alikuwa anahutubia mbuzi. Tukamwita chifu."

Ekal, mzaliwa wake wa kwanza, sasa ana miaka kumi na tisa na hunywa chang'aa tangu asubuhi. Mwaka jana alilazwa Lodwar wiki tatu kwa ugonjwa wa ini. Alirudi amenawiri, akapita nyumba kwa nyumba akisalimia, na jioni hiyo hiyo akarudishwa kwao amebebwa. Huko Lodwar daktari alikuwa amemuuliza Nakiru kijana alianza kunywa lini. Akajibu hajui.

"Nilijua," anasema akikoroga. "Nilianza kumlisha mimi, akiwa na miaka mitatu. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi, maziwa hakuna. Nikimpa machicha analala mpaka jioni. Nikasema, asante Mungu, mtoto ameshiba."

Nakiru hulipwa shilingi elfu sita kwa mwezi, na mwezi hapa unaweza kuchukua siku tisini. Lakini kinachomkosesha raha ni Ijumaa. Shule itafungwa kwa wiki tatu. Ameruhusiwa kuchukua unga uliobaki, gunia moja na nusu. Sufuria ni mali ya shule. Itabaki jikoni, chini ya kufuli.

Saa nne anamrudisha Akai nyumbani, amembeba mgongoni. Bibi yake mtoto, Amuria, anachuja pombe.

"Mama Ekal, umeniletea mgeni amelala?"

"Mama, nakuomba. Usimpe tena."

"Nimpe nini? Mawe?" Amuria haachi kuchuja. "Si ni wewe ulituonyesha? Mwaka ile ya njaa ulipita hapa ukisema machicha inanyamazisha mtoto. Tulikushukuru. Nilikupa mpaka tumbaku."

Nakiru anamlaza Akai mkekani na kuketi kando yake.

"Ni mimi," anasema. "Ndiyo maana nimekuja. Nipe lile pipa dogo, liko tupu. Wiki tatu tu, asubuhi. Unga ninao."

"Pipa ya busaa? Uji itanuka."

"Nitalisugua."

"Na biashara yangu?"

"Saa mbili nakurudishia."

Amuria anamtazama mjukuu wake, anayekoroma kama mzee.

"Saa moja na nusu," anasema. "Wateja yangu huamka mapema kuliko wewe."

Kuhusu Ekal, Nakiru hana mpango. Ameshamwomba, ameshamfungia nje, ameshamwombea kanisani. "Huyo namwachia Mungu," anasema. "Lakini huyu, nataka aingie darasa la kwanza akiwa na akili yake yote. Jumatatu akiamka, akute uji umeiva mlangoni."

Hangoji Ijumaa. Analiviringisha pipa hadi nje, analisugua kwa mchanga na majivu, analisuuza mara tatu. Kisha anaingiza kichwa chote ndani na kunusa.

"Bado," sauti yake inatoka humo, na mkono wake unanyooshwa nje kuomba majivu zaidi.