Mwana wa Kwenye Kioo

Watoto walikuwa wawili tu, wote wa kike. Mkubwa alikuwa fundi cherehani. Mdogo alisoma, akapata kazi nchi ya mbali. Mama yao, mwalimu mstaafu, alipoanza kupoteza kumbukumbu, aliyebaki kumwogesha na kumlisha ni yule mkubwa. Akahamishia cherehani sebuleni ili asimwache peke yake.

Siku moja mama akamsahau kabisa. "Fundi," akawa anamwita, "gauni langu bado tu?"

Hilo alilivumilia. Kilichomshinda ni kishikwambi alichotuma mdogo wake. Kila saa mbili asubuhi kiliita, video aliyojirekodi mdogo ikajifungua, sura yake ikitabasamu: "Mama yangu, muda wa dawa." Na mama, ambaye vidonge vya fundi alikuwa akivitema, akameza bila ubishi.

"Mwanangu huyo," aliwaambia wateja. "Ananitunza sana."

Wateja walicheka. Fundi naye alicheka, roho ikimuuma. Miaka minne anafua mashuka, halafu sifa zinakwenda kwa kioo!

Jioni moja uzalendo ukamshinda. Akaifuta video ya mdogo wake, akajirekodi mwenyewe. Kulipokucha, sura yake ikatokea. Mama akakunja uso.

"Fundi anatafuta nini humu? Mtoe!"

Akafumba mdomo. Siku tatu hakumeza hata kidonge. Siku ya nne presha ikapanda, akaanguka mlangoni pa choo.

Muuguzi wa zahanati aliuliza kulikoni. Fundi akasema yote, machozi yakimtoka.

"Wivu huo si wako peke yako, dada," muuguzi akamwambia. "Lakini usimponze mgonjwa. Mpigie mdogo wako."

Akampigia. Mdogo hakufoka. Kesho yake akatuma video mpya: "Mama yangu, muda wa dawa. Huyo anayekushikia glasi ni dada yangu."

Mama akageuka, akamkagua fundi kuanzia miguuni hadi kichwani. "Kumbe ni dada yake?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona siku zote husemi?"

Tangu hapo akawa anamwita "dada wa mwanangu". Jina lenyewe amelipata kwa mgongo wa mdogo wake, na kila akilisikia linamchoma. Ila dawa sasa mama anapokea mkononi mwake, na mara nyingine humtoa nyuzi zilizomganda begani, moja moja, bila haraka.