Ng'ombe Zangu Ndizo Zilizomwoa Wifi Yangu

Jina la mama huyu na kijiji chake tunavijua sisi tu, na vitabaki kwetu. Barua ameiandika kwa mkono wake. Tumenyoosha herufi tu. Mhariri.

Bwana Mhariri, salaam. Wasomaji mlio wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mmoja, Mkurya wa huku Tarime, upande wa Nyamongo. Shule ya misheni nilifika darasa la tatu, kisha ng'ombe zikaletwa nyumbani nikaolewa. Nina mtoto mmoja wa kike. Nasema ninaye, lakini sikai naye, na hilo ndilo linalonifanya niwaandikie.

Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, Kericho. Aliporudi alirudi na mwanamke mwingine. Sikugomba, maana kwetu mwanamume huoa wawili, na mama yangu mwenyewe ni mke wa pili. Nilimpisha mwenzangu jikoni, nikamwonyesha njia ya mtoni. Lakini mume alikuwa amebadilika mkono. Siku moja uji uliungua, akanipiga kwa mpini wa jembe, kifundo cha mkono kikavunjika. Kimepona, ila kimepinda, na nikisaga mtama ni mkono wa pili ndio unaofanya kazi.

Nikarudi kwa baba na mtoto mgongoni. Alikuwa bado ananyonya. Tulikaa vizuri. Alipoachishwa ziwa na kuanza kula ugali, shemeji zangu wawili walikuja mchana, wakapewa togwa wakanywa, wakalisifu boma la baba. Mimi nilikuwa jiweni nasaga. Walipoaga, mmoja akamnyanyua mtoto akamweka begani kama anayecheza naye. Mtoto alikuwa anacheka. Wakaenda naye hivyo hivyo. Baba hakuwazuia. Mimi nilimaliza kusaga mtama uliobaki. Watu huniuliza kwa nini sikulia.

Nilikwenda kushitaki kwenye baraza la chifu. Wazee waliuliza kwa Kikurya, karani akaandika kwa Kiswahili. Nikaonyesha mkono wangu. Mzee mmoja akautazama, akasema, "Pole, binti yangu. Mkono ni wako. Lakini mtoto ni wa ng'ombe." Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mume wangu alipoulizwa kama ameniacha, akasema, "Nimwache nani? Ng'ombe zangu si ziko kwao? Huyu ni mke wangu, ametembea tu."

Karani yule si mtu wa huku, ni Mnata wa Serengeti. Baraza lilipofungwa alinikuta nimekaa nje. Akaniambia taratibu, "Dada, usirudi nyumbani bila kuelewa. Umedai mtoto kabla ya kudai talaka, ndiyo maana umeshindwa. Dai talaka kwanza, mkono huo ni ushahidi. Ng'ombe zikirudi zote, na mtoto akiwa bado mdogo, wazee watakupa. Wakikataa, nenda bomani Tarime ukate rufani kwa Bwana Shauri, ofisa wa serikali. Lakini ikibaki hata moja, mtoto ni wao."

Nikamwuliza, "Zote?"

"Zote, dada."

Nilitembea njia nzima mwili mwepesi kama mtu aliyetokwa na homa. Nilipoingia bomani kwetu, wifi yangu, mke wa kaka yangu, alitoka kunipokea na mtoto wake mgongoni. Hapo ndipo nilipokumbuka ng'ombe zangu ziko wapi.

Kwetu kaka huoa kwa ng'ombe za dada yake. Zangu zilikaa zizini kwa baba msimu mmoja tu, kisha zikaenda kwa wazazi wa wifi. Ng'ombe nyingine za kutosha hatuna. Nikidai talaka, lazima zitoke kule, na wifi arudi kwao na mtoto wake.

Kaka aliposikia akasema, "Kwa hiyo wako aje, wangu aende." Baba akasema, "Utazaa wengine. Rudi kwa mumeo, mtoto utamkuta huko huko."

Aliyenimaliza ni wifi. Tulikuwa tunapepeta mtama, akaniambia bila kunitazama, "Wifi, mimi nimeolewa kwa ng'ombe zako. Ukiziita, nitakwenda. Ila nakuomba uniambie mapema, nisije nikasikia kwa watu kisimani." Kisha akanitania, "Na ungo huu naondoka nao, maana hapa hakuna ajuaye kupepeta." Tukacheka. Akaendelea kupepeta, pumba na punje zote zikamwagika chini.

Juzi nilimwona mwanangu gulioni, ameshikwa mkono na yule mke mwenzangu. Amenenepa, na gauni lake lilikuwa safi, hilo lazima niseme kweli. Nikachuchumaa mbele yake. Akaniamkia kwa adabu, kama mtoto anavyomwamkia mgeni, kisha akamtazama yule mama kuona kama amefanya vizuri.

Bado ni mdogo. Naamini nikikaa naye hata mwezi mmoja sauti yangu ataikumbuka. Karani amesema baraza litakaa tena baada ya mavuno, na nikitaka ataniandikia madai yangu sawasawa. Moyo wangu unataka kwenda. Jioni wifi ananitengea maji ya kuoga kama siku zote, nami naoga.

Ninyi mliosoma sheria, na ninyi akina mama mliokwisha kupita hapa, naomba mnisemeshe kupitia ukurasa huu. Niziite ng'ombe, au niziache zilipo? Nishaurini, nifanye nini? Mtama wetu umeanza kuchanua, na wifi bado anangoja nimwambie mapema.