Kwenda Kilo Kuuliza Kama Kitabu Kilisema Uongo

Nilitoka Bunia kwa sababu ya ukurasa mmoja. Wengine wanaenda Kilo kutafuta dhahabu, ao kuzika mtu wao. Mimi nilienda kuuliza kama kitabu kilitudanganya, na hata sasa ninapoandika naona haya kidogo, maana mimi ni mshonaji wa nguo, si mwalimu, na sina hakika kama kazi hiyo ilikuwa yangu.

Nieleze kwanza. Siku ya Jumapili, baada ya ibada, majirani wanakuja kwenye baraza yangu hapa mtaani Nyakasanza, kila mtu na kiti chake, nami ninawasomea. Kitabu ni cha Kifaransa. Mtu mmoja wa Ulaya anasimulia nchi alizozunguka. Ninasoma mistari kimoyomoyo, halafu ninaisema kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza. Tumefika mbali na mtu huyo. Tulikaa naye katika mji wa baridi ambako watu wanatoboa barafu ya ziwa na kuvua samaki kupitia tundu. Jirani yangu mfugaji, Papa Dezire, alisumbuka wiki nzima akitaka kujua ng'ombe wa kule wananywa wapi. Tulipanda naye mlima wenye nyumba zilizoezekwa kwa mawe. Hakuna hata mmoja wetu mwenye pasipoti. Lakini Jumatatu, kwenye robine, wakati wa kuchota maji, utasikia watu wanabishana juu ya mlima ule kama vile wameshuka jana.

Halafu, Jumapili moja, mwandishi akafika Kilo. Kilo yetu! Watu walipiga makofi. Mimi nilizaliwa Kilo, nikatolewa mdogo wakati wa vita, kwa hiyo nilisoma kwa majivuno. Alisema aliingia jikoni mwa mwanamke mmoja akakuta shimo la dhahabu karibu na mafiga, mwanamke anapika, vijana wanatoka chini wamejaa matope. Kisha akaandika kwamba mwanamke yule alikaa kimya, kama watu wote wa hapo, watu ambao taabu imewanyang'anya maneno.

Papa Dezire alisimama. "Funga hiyo kitabu."

"Papa Dezire, imebakia kidogo tu tumalize..."

"Funga, mama! Shimo mu jiko? Siye ni panya? Na kama anadanganya hapa kwetu, nani atanihakikishia ile barafu yake?"

Mama Furaha, anayeuza vitenge na aliyehamia kutoka Butembo, akanigeukia. "Mimi barafu ile niliipenda. Lakini weye ni mutu wa Kilo. Sema basi. Shimo iko ao haiko?"

Nikasema haiko. Nilisema kwa hasira, nikaongeza kwamba hakuna mama wa Kilo anayeweza kuchimba mahali anapopikia watoto.

"Basi ni mwongo," akasema Papa Dezire, akabeba kiti chake. Jumapili iliyofuata hakuja, na wengi hawakuja. Mama Furaha alikuja, akakaa, akaangalia kitabu kwenye magoti yangu, akasema afadhali tuongee habari za soko. Niliumia. Ile saa ya kusoma ndiyo safari yetu ya pekee, na sasa ilikuwa inakufa kwa neno langu. Na je, kama neno langu ndilo la uongo? Nimeiacha Kilo zamani sana.

Alhamisi asubuhi, niliposikia kwamba barabara inapitika, nilifunga kitabu ndani ya kitenge nikatafuta motari wa kunibeba kwa pikipiki. Kijana alinicheka.

"Mama, watu wanaenda Kilo na nyundo, weye unaenda na kitabu?"

"Kuna mutu nataka kumuuliza kitu."

"Si ungepiga simu?"

Nikapanda nyuma yake. Labda niliogopa kwamba kwa simu ningeambiwa lile ninalotaka kusikia.

Baada ya kuuacha mji, vumbi jekundu lilitufunika mpaka nyusi. Vilima vya malisho vilikuwa vizuri, niseme haki, vizuri kuliko mlima wa kitabuni, na kitabuni mwandishi hakuvitaja kabisa. Njia hiyohiyo! Kule kwa barafu alieleza rangi ya mawingu kurasa nzima. Kwetu alipita kama mtu aliyefumba macho. Kwenye bariere ya askari tulisimama, tukasubiri, tukapita. Hasira yangu nayo ilikuwa inapanda vilima pamoja na pikipiki.

Mchana nilifika Kilo, kwa mama mdogo wangu, yaani mdogo wake mama yangu. Jina lake sitaliandika, mtaona sababu. Alipiga kelele za furaha tangu mlangoni, akanishika mashavu, akaniuliza habari za watu wote, hata waliokufa, bila kungoja jibu. Nikamfuata jikoni.

Karibu na mafiga kulikuwa na mbao zimepangwa chini. Nilizikanyaga, zikalia kama ngoma.

"Mama, hapa chini iko nini?"

"Iko shimo. Weye unafikiri nini, kisima?"

Nilikaa kwenye kibao. Nilitaka kulia, nikashindwa kujua ninamlilia nani.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Jirani wa nyuma alichimba mu uwanja wake mpaka akanifikia chini ya kitanda. Usiku nasikia nyundo chini ya mto wa kulalia! Nikaambia watoto, kama nyumba itaanguka, ianguke kwa mikono yetu." Akacheka, akakoroga sombe, majani yake ya muhogo.

Nikamfungulia kitabu, nikamsomea ukurasa ule. Alisikiliza vizuri. Kwenye shimo akaitikia kwa kichwa, ndiyo, muzungu huyo aliingia hapahapa. Kwenye vijana wenye matope, ndiyo. Nikamwambia kwamba kilichoniudhi ni kwamba hata punda aliyembeba mlimani mwandishi alimpa jina, lakini mama mdogo wangu amemwita mwanamke mmoja tu.

"Ah, hapo usimkasirikie. Mimi nilimukataza. Jina yangu ikae mu vitabu, kesho niamke na wageni wa shimo mulangoni? Apana. Alifanya vizuri."

Basi hasira yangu moja ikafa hapo. Nikaendelea mpaka mahali pa kimya.

"Nani alinyamaza?" akauliza.

"Weye."

"Mimi?" Aliweka mwiko chini. "Mimi! Nilisema na huyo muzungu mpaka koo ikakauka! Nilimuuliza kama mama yake anajua kwenye yeye iko. Nilimuuliza kwa nini hajaoa bibi. Nilimwambia chumvi ni kidogo kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Yule kijana aliyemuleta ili atafsiri akawa anasema tu 'oui, oui' na kuangalia simu. Halafu anaandika nimenyang'anywa maneno? Nani alinyang'anya?"

Hapo nilikasirika kweli, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Shimo lilikuwa kweli, nami nililikana. Kimya kilikuwa uongo, na hakuna aliyekitilia shaka, hata mimi ambaye damu yangu ni ya kusema sana.

Jioni alisema, "Ile ya Kilo iache, Kilo naijua. Nisomee kwenye sijafika." Nikamsomea mji wa baridi. Aliuliza kama tundu la samaki linafunikwa mbao ili watu wasitumbukie, swali ambalo sisi wote Bunia hatukulifikiria.

Kesho yake nikarudi. Jumapili nilikwenda mwenyewe kwa Papa Dezire, nikamwambia mbele ya wanawake wa jirani kwamba nilisema uongo kuhusu shimo, na mwandishi alisema uongo kuhusu mdomo. Alinitazama sana. "Sasa tutamuamini wapi?" Nikasema sijui. Nikasema labda tumuamini anapoona, tumuulize anaposikia. Akabeba kiti chake, akaja.

Tulifungua sura mpya, ya jangwani. Mwandishi alifika kwenye kisima, akamkuta mzee na ngamia wake, na mzee huyo, anasema, alimtazama bila neno.

"Simama hapo," akasema Papa Dezire. "Usiende mbele. Yule muzee alisema kitu. Mutu na mifugo yake, anaona mugeni kwenye maji yake, atanyamaza?"

"Alisema nini?" akauliza Mama Furaha.

Ikawa kelele tupu, kila mtu akimtungia mzee maneno. Hatukufungua ukurasa mwingine siku ile.