Nambari Sita Zilizokwenda Kapseret

Saa mbili na dakika saba asubuhi, siku ya Jumatano, katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji huko Moiben alinipigia simu kuuliza kama kazi yao siitaki tena.

"Fundi, tulikuandikia tangu Ijumaa," alisema. "Kamati inakaa saa sita leo. Wewe tu ndiye umebaki kimya. Ama umetajirika?"

Nilimwambia sijapata barua yoyote.

"Iko kwa imeili yako. Ilienda, haikurudi. Angalia vizuri, uthibitishe bei yako kwa maandishi kabla ya saa sita. Mimi siwezi kubeba maneno ya simu mbele ya kamati. Unawajua wale wazee."

Niliwajua. Kulikuwa na wakati walimlipa mtu kwa ahadi ya mdomo, naye akaondoka na pampu yao. Tangu siku hiyo kila kitu kilitakiwa kiandikwe, tena kutoka anwani ileile iliyoleta zabuni.

Mimi ni fundi wa matangi ya kupozea maziwa. Niliacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo, na kazi hii nilijifunza kwa kusoma vitabu vya mitambo nilivyonunua kwa wauzaji wa mitumba, nikifungua mashine huku ukurasa umelazwa kando. Kwa miaka mingi nimefanya kazi za kuitwa: mkulima anapiga simu maziwa yakiwa yameshaanza kuganda, naenda, natengeneza, nalipwa, tunasahauliana. Moiben walitaka kitu tofauti. Walitaka fundi wa kubadilisha kompresa ya tangi moja, kurekebisha mabomba ya gesi ya lingine, kisha kuyatunza yote mawili mwaka mzima. Haikuwahi kutokea mtu akaniahidi kazi ya mwaka mzima. Niliitaka kuliko nilivyomwonyesha katibu.

Nilifungua kompyuta katika chumba ninachokodi mtaa wa West Indies hapa Eldoret, ambacho mchana ni ofisi na usiku ni stoo ya vipuri. Jana yake jioni kompyuta ilikuwa imeomba ruhusa ya kujisasisha, nami nikairuhusu kwa sababu nilisoma kwamba kukataa masasisho ni hatari. Sasa ilikuwa na sura mpya. Rangi zilibadilika, vitufe nilivyozoea vilihamia upande mwingine, na barua pepe, ambayo kwa miaka ilikuwa ikifunguka bila kuniuliza kitu, iliuliza nenosiri.

Nenosiri nalikumbuka. Nililiandika, likakubaliwa. Kisha yakatokea maneno kwamba kifaa hiki hakitambuliki, na kwamba nambari sita zimetumwa kwenye simu inayoishia na 38, niziandike ndipo niingie.

Simu yangu haiishii na 38.

Nilidhani ni kosa la mashine. Nilizima kompyuta nikaiwasha. Nilikagua tarehe na saa yake, maana saa ikikosea mitandao mingine hukataa mtu. Nilibadilisha kivinjari. Nilibonyeza palipoandikwa njia nyingine, nikaambiwa ombi langu litachunguzwa na nijibiwe baada ya siku kadhaa. Simu isingenisaidia, yangu ni ile ndogo ya vitufe, kwa kuwa mbili za kioo, zile zenye intaneti, zilivunjikia kazini na sikuona haja ya kuvunja ya tatu. Barua zangu zote nazisomea kwenye ile kompyuta. Kwa hiyo nilikaa mbele yake nikiwa na hasira ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake na kufuli aliyoinunua mwenyewe. Nilikuwa nimeitunza, nimeisafisha vumbi kwa brashi, nimeibadilishia betri, na sasa siku niliyoihitaji ilikuwa inanikana.

Ndipo nikaikumbuka ile 38.

Ilikuwa laini yangu ya kwanza. Nilipokuja Eldoret kutoka upande wa magharibi nilifanya kazi ya kubeba magunia kwenye ghala la mahindi pamoja na kijana mwenzangu wa kwetu. Tuliishi chumba kimoja. Kitambulisho changu kilikuwa kimepotea, na nilichokuwa nacho ni karatasi ya kusubiri kipya, ambayo wauza laini hawakuikubali. Rafiki yangu akatoa chake. Laini ikasajiliwa kwa jina lake, simu ikakaa mfukoni mwangu. Wakati ule watu wengi tulifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Kitambulisho cha rafiki kilikuwa kama koti lake, unaliazima ukienda mahali penye baridi.

Baadaye tuliacha magunia tukaanza ufundi pamoja. Nilimsomea vitabu, yeye akashika spana. Akaunti ya barua pepe tulifungua siku moja kwenye saiba ya mjini, duka la kukodi intaneti, tukatunga nenosiri pamoja: jina la tangi la kwanza tulilolitengeneza, na mwaka wake. Mhudumu alipouliza nambari ya simu nikataja ile niliyokuwa nayo.

Tulipoachana kikazi hatukugombana. Alisema anataka kufanyia kazi kwake Kapseret, karibu na wafugaji, nami nibaki mjini. Akaunti ilibaki kwangu. Laini aliiomba. "Iko kwa jina langu," aliniambia, "na wateja wa zamani wanaijua. Wakipiga, nitakuwa nakutumia." Nilimpa, nikanunua nyingine kwa kitambulisho changu. Mimi ndiye niliyemsimamia harusi yake. Sikuwa na sababu ya kufikiria zaidi.

Nikapiga 38. Aliyepokea ni mke wake.

"Shemeji! Leo umetukumbuka," alisema. Nyuma yake nilisikia ndoo zikigongana. "Kwani umepigia hii ya nyumbani?"

"Mzee yuko?"

"Ametoka na pikipiki asubuhi kabisa. Alisema anaenda Moiben, kuna kazi anafuata."

Nilisikia jina la Moiben, lakini halikunishtua. Moiben kuna kazi nyingi.

"Mama, nisaidie. Kuna nambari sita zinaingia kwa hiyo simu sasa hivi. Nisomee."

"Zile za imeili? Hizo nazijua. Zikiingia mzee hunipigia nimsomee, yeye anaandika kwa simu yake. Ngoja nivae miwani."

Niliishusha kalamu niliyokuwa nimeishika.

"Hulipwi kwa kukaa kimya, shemeji. Uko?"

"Niko. Umesema humsomea?"

"Si wewe umemwachia kazi? Aliniambia ni za imeili yako, anakusaidia kujibu wateja ukibanwa. Hata nikamwambia, huyo shemeji anakulipa lini? Akacheka tu. Haya, andika. Nne. Sifuri. Saba. Andika pole pole, maana yeye hukimbia, akikosea ananilaumu mimi. Saba tena. Mbili. Tisa. Umepata?"

"Nimepata."

"Basi usipotee hivyo. Njoo unywe maziwa."

Niliandika zile nambari na barua pepe ikafunguka. Baada ya kufunguka, ule mfumo mpya ukanionyesha kitu ambacho ule wa zamani haukuwahi kunionyesha: orodha ya vifaa vinavyotumia akaunti yangu. Kulikuwa na kompyuta hii, iliyoandikwa kwamba ni mpya. Chini yake kulikuwa na simu ya kioo, iliyotumika mara ya mwisho jana yake.

Barua ya Moiben haikuwa mahali pa barua. Niliikuta kwenye takataka, imekwishafunguliwa. Haikuwa peke yake. Kulikuwa na hoteli moja iliyouliza bei ya kutengeneza chumba cha baridi, na mfugaji aliyetaka nimwone Jumamosi ambayo ilipita zamani. Kulikuwa na mwingine aliyeandika mara mbili, na mara ya pili alikuwa amekasirika. Hizi ni kazi nilizodhani zilikufa zenyewe. Nilikuwa nimejiambia kwamba wateja wamepungua kwa sababu ya hali ya uchumi, na hata nilikuwa nimepunguza bei zangu. Kumbe watu waliniita, na kuna aliyewanyamazisha kwa kidole.

Nilitoa ile simu kwenye akaunti. Nikabadilisha nenosiri, nikaondoa 38 na kuweka nambari yangu. Mikono ilifanya hayo vizuri, kwa mpangilio, kama inavyofunga bomba. Kisha nikaandikia Moiben kwamba nathibitisha bei yangu ya shilingi laki mbili na elfu kumi na nne, nikatuma. Saa sita ilikuwa bado.

Katibu akapiga mara moja.

"Imeingia, fundi. Lakini nikwambie ukweli. Kuna mwenzako amekuja na karatasi mkononi. Amekaa hapa nje na wazee wanakunywa chai, anawachekesha. Kwa bei ako chini yako kidogo. Kama unaweza kushuka, shuka sasa."

Nilimjua anayewachekesha wazee. Hata kwenye ghala, msimamizi alikuwa akimpa magunia mepesi kwa sababu ya mdomo wake.

Ningeweza kushuka. Lakini bei yangu ilikuwa na kompresa mpya ndani yake, na nikishuka ningelazimika kuweka iliyotumika, nayo isingemaliza mwaka. Nilimwambia katibu bei ni hiyo. Kisha nikamwambia, "Huyo mwenzangu aliiona bei yangu kabla ya kuandika yake."

Katibu alishusha sauti. "Una ushahidi?"

"Ninao."

"Ushahidi gani? Kwa sababu nikiingia nao mle ndani wataniuliza."

Nilitazama ile orodha ya vifaa. Simu ya kioo haikuwa na jina la mtu. Ingeweza kuwa ya yeyote. Ushahidi wenyewe ulikuwa mwanamke aliyevaa miwani jikoni Kapseret akanisomea nambari kwa moyo mweupe, akidhani mimi na mumewe bado ni kitu kimoja. Ili kazi iwe yangu, ilibidi nimtaje kwa kamati ya wazee, na wao wangemwita mumewe kutoka kwenye chai wakamuuliza, naye angerudi nyumbani jioni akijua ni nani aliyemfichua.

"Fundi?"

"Wacha," nilisema. "Kamati iangalie kazi na bei."

"Ni vizuri. Maana hawa hawataki kesi. Wanataka maziwa yasiharibike."

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Nilijipa kazi ya kupanga vipuri ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Saa tisa hivi rafiki yangu akanipigia, si kwa 38, kwa laini yake nyingine.

"Mwalimu," alisema. Hilo ndilo jina alilonipa kule ghalani, kwa sababu nilikuwa nikisoma wakati wa mapumziko. "Nimepiga simu nyumbani. Mama watoto ananiambia mmeongea."

"Alinisaidia."

"Sasa usikasirike. Ni biashara."

"Barua ya Ijumaa uliitupa."

"Niliiweka kando. Ungekuwa na simu ya maana kama watu wengine ungeiona kabla yangu." Akacheka. "Wewe kitabu unakijua, mwalimu. Watu ndio hujawahi kuwafungua."

"Tangu lini?"

"Tangu tuachane. Na usiniite mwizi. Laini ni ya jina langu, paswadi tulitunga pamoja. Niambie, nimevunja nini?"

Mimi ni mtu wa kutafuta chanzo cha hitilafu, na mara nyingi nakipata: waya umekatika, vali imeziba, gesi inavuja mahali fulani hata kama haionekani. Alichosema kilikuwa kweli kipande kwa kipande. Kilichovunjika hakikuwa kwenye orodha yake, na sikujua nikitaje vipi ili kimfikie.

"Kompresa utaweka mpya?" nilimuuliza.

"Mpya gani? Kuna moja nilitoa kwa tangi lingine, inanguruma vizuri tu."

"Itakufa kabla ya mvua."

"Ikifa watanipigia mimi," alisema, akakata.

Jioni simu ikalia tena. Nilipoona 38 nilifikiri ni yeye. Alikuwa mke wake.

"Shemeji, nilitaka kuuliza tu. Zile nambari zilikubali?"

Sauti yake haikuwa na kitu kingine ndani yake. Mumewe hakuwa amemwambia. Nilielewa kwamba angeendelea kumsomea nambari mtu yeyote atakayemwambia ni za kusaidia, na kwamba za kwangu hazitakuja tena, na siku moja angeshangaa kwa nini haziji.

"Zilikubali," nilisema. "Asante, mama."

"Umeona? Na mzee amepata ile kazi ya Moiben. Amenunua nyama. Ungekuwa karibu ungekuja."

"Mle vizuri."

Wiki iliyofuata nilikutana na katibu mjini, kwenye duka la vipuri. Hakutaka nimuulize, lakini niliuliza, kwa kuwa nilitaka kujua kiasi kamili. Alitazama mlangoni kwanza, kisha akanitajia. Bei ya rafiki yangu ilikuwa laki mbili na elfu kumi na moja. Alikuwa ameniuza kwa shilingi elfu tatu.