Bahasha ya shukrani iliyomfikisha Bi Pyo mahakamani

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, Pyo Gwi-nam anaweka jiwe juu ya kisanduku cha mbao, anavua glavu za mpira na kujifuta mikono kwenye aproni. Chini ya jiwe hilo kuna tofu ya leo, bado ya moto, inachuruzika maji taratibu. Itachukua dakika arobaini kukamuka. Sala ya alfajiri nayo huchukua dakika arobaini.

"Mungu alipanga hivyo makusudi," anasema, huku akitafuta soksi ya pili.

Kanisa liko hatua mia mbili kutoka dukani kwake, ng'ambo ya barabara ya kijiji cha Saemgol, kaskazini ya Seoul. Leo wamekuja watu kumi na wanane. Gwi-nam, shemasi wa hapa, anakaa benchi la pili, upande wa kina mama. Benchi la mbele upande wa pili amekaa Tak Jong-hwan, mzee wa kanisa na mkulima mwenye mabanda ya plastiki ya kukuzia mboga kumi na manne. Huyu ndiye aliyemshtaki mahakamani, akidai fidia ya won milioni thelathini.

Mchungaji Ki anaita jina la Bwana mara tatu, na kanisa zima linapaza sauti. Kila mtu anaomba lake, wote kwa pamoja, hadi huwezi kusikia la jirani yako. Gwi-nam ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Anamtaja mwanawe, anawataja wasichana wa mashambani, kisha anamtaja Mzee Tak kwa jina lake kamili.

"Wakina Tak ni wengi hapa," anaeleza baadaye akivuka barabara. "Sitaki baraka iende kwa mwingine."

Ana miaka sitini na nane. Ametengeneza tofu kwa miaka thelathini na mmoja, kumi na minne ya mwisho akiwa mjane. Maneno makubwa huyu huyakimbia. Ukimwambia kazi anayoifanya inaitwa kutetea haki za binadamu, anacheka hadi anashika ukuta.

"Haki za binadamu ni za Wakili Maeng, yeye kasoma. Mimi nilikwenda kupeleka machicha."

Ilikuwa Januari. Machicha ya soya huwa anawagawia wafugaji, na siku ile aliyapeleka kwa kuku wa Mzee Tak. Halijoto ilikuwa imeshuka hadi nyuzi kumi na sita chini ya sifuri. Nyuma ya banda la mwisho, ndani ya hema la plastiki jeusi, aliona kontena la chuma ambalo siku zote alidhani ni la mbolea. Mle ndani kulikuwa na mtu anakohoa.

Alikuwa Chanthou, msichana wa Kambodia mwenye miaka ishirini na saba, anayechuma majani ya kufungia nyama choma. Alikuwa amejifunika magunia na makoti matatu. Hita ilikuwa imekufa tangu Krismasi. Choo chake kilikuwa mbao mbili juu ya shimo, na kwa malazi hayo alikatwa won laki tatu kila mwezi.

"Nilimuuliza, 'Mwanangu, umekula?' Akanijibu, 'Mama, maji yameganda.' Basi. Nikamtupa juu ya kigari cha tofu, nikamfunika na kile kitambaa cha kuchujia, huyo hospitali."

Nimonia ilikuwa imeshika mapafu yote mawili. Siku mbili baadaye, Mzee Tak aliita gari la kunyanyulia mizigo, kontena likaondolewa, na pale lilipokuwa pakamwagwa kokoto. Gwi-nam hakuwa amepiga picha hata moja.

"Hilo ndilo kosa langu la kwanza," anasema. "La pili ni bahasha."

Hapa Saemgol, kama ilivyo katika makanisa mengi ya nchi hii, muumini mwenye jambo la kumshukuru Mungu huweka sadaka kwenye bahasha na kuandika sababu kwa nje. Mchungaji huzisoma mimbarani: mjukuu kafaulu mtihani, goti la fulani limepasuliwa salama. Jumapili ile Gwi-nam aliweka won elfu ishirini na kuandika: "Namshukuru Bwana kwa kumtoa Chanthou akiwa hai ndani ya kontena lisilo na moto la Mzee Tak."

Anaapa hakukusudia isomwe. Bahasha zikiwa nyingi mchungaji husoma majina tu, sababu anaziruka. Ila Jumapili ile zilikuwa nne peke yake, na Mchungaji Ki, mtu mwema asiye na mazoea ya kupitia kitu kabla ya kukisoma, aliisoma yote kwa furaha hadi alipofika kwenye jina. Waumini tisini wakageuza vichwa. Mzee Tak alikuwa ndiye ameshika sahani ya sadaka.

"Nilitamani ardhi inimeze," Gwi-nam anasema. Kisha anafikiri kidogo. "Si sana, lakini."

Hapo angeweza kuishia, akaomba radhi kwa pipa la tofu na mambo yakapoa. Badala yake alimtafuta Wakili Maeng Yu-ri, mwanamke wa miaka thelathini na minne kutoka mjini, na wote wawili wakaanza kuzunguka mashamba kwa kigari kilekile. Safari hii walipiga picha. Walifikisha taarifa za makontena kumi na moja kwenye ofisi ya kazi. Wakulima wawili wameshajenga vyumba vya matofali, na mmoja wao sasa anajisifia sakafu yake ya kupashwa moto kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Mwezi Machi karatasi ya mahakama ikafika dukani. Sheria ya huku inaruhusu kumshtaki mtu hata kwa neno la kweli, likimvunjia mwenzake heshima. Njia ya kuponea ni kuthibitisha kwamba ulilolisema ni kweli na ulilisema kwa faida ya watu.

"Na kontena halipo," anasema Wakili Maeng. "Aliyeliona likiwa na mtu ndani ni Bi Pyo tu. Chanthou naye ana malalamiko yake ofisi ya kazi, ili aruhusiwe kubadili mwajiri. Shahidi wake ni huyohuyo Bi Pyo. Akisema alidanganya, Chanthou anapandishwa ndege kurudishwa kwao."

Miezi minane hii haikuwa ya kuchezea. Mikahawa mitatu ya ndugu za Tak iliacha kununua kwake. Zamani alimaliza vipande sabini kwa siku, leo akiuza arobaini anashukuru. Kina mama waliokuwa wakipitia dukani wakitoka kanisani wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, macho kwenye simu zao.

Mchungaji Ki alikuja mara mbili. "Shemasi Pyo," alimsihi, "kwa ajili ya umoja wa kanisa, jishushe kidogo."

"Mchungaji, mimi tayari nina kimo cha pipa la tofu," alijibu. "Nikijishusha zaidi nitapotea."

Lakini aliyemuumiza hasa ni mwanawe, Deok-su, dereva wa basi mwenye miaka arobaini na mbili. Alikuja sikukuu ya mavuno na hakugusa chakula.

"Mama, watauza mashine yako. Watauza mpaka duka la baba. Huyo msichana ni nani wetu?"

"Anakula kwangu."

"Hata paka anakula kwako!"

"Na paka nani kamfukuza?"

Aliyatamka kwa mzaha, ila usiku ule alilia. Hafichi. Kuna alfajiri, anasema, alizokwenda kanisani na hakuwa na la kuomba, akawa anarudia tu "Bwana, nipo" kwa dakika arobaini, kisha akarudi kuitoa tofu kwenye kisanduku.

Jumanne ya wiki iliyopita waliitwa kwenye usuluhishi. Chumba kidogo, meza ya mviringo, hakimu mwanamke mwenye mafua. Karatasi ilikuwa tayari imechapwa: Bi Pyo atamke kwamba maneno ya kwenye bahasha hayakuwa ya kweli, tamko lisomwe kanisani, na Mzee Tak afute kesi siku hiyohiyo.

Deok-su, aliyekaa nyuma yake, aliinama. "Mama, weka saini twende nyumbani. Nakuomba."

Gwi-nam alishika kalamu. "Nilikuwa nimechoka, jamani. Nisijifanye shujaa. Mkono ulishaandika 'Pyo'."

Ndipo alipoinua macho akamwona Mzee Tak akichezea kofia yake. Kwa miaka ishirini na miwili, hakuna jambo lililoanzwa Saemgol bila sala ya mzee huyu. Vikao, mazishi, hata safari ya kina mama kwenye chemchemi za maji moto: basi haliwashwi kabla hajaomba. Gwi-nam akaweka kalamu mezani.

"Mzee, tangu lini sisi tunaanza jambo bila kuomba? Tufungulie kwa sala. Mwambie Mungu kile chumba kilikuwa na moto, na mimi nimesema uongo. Ukimaliza nasema amina, namalizia jina langu."

Wakili wa Tak alisema hapa si kanisani. Hakimu alipenga kamasi, akawatazama wazee wale wawili mmoja baada ya mwingine.

"Mimi nina dakika moja," akasema.

Mzee Tak alivua miwani. Akainamisha kichwa, akafumba macho. "Baba yetu mwenye rehema," alianza, kwa ile sauti nzito inayojulikana kijiji kizima. Kisha akasimama hapo. Wakili wake alikohoa. "Baba," akarudia. Midomo ilicheza, neno halikutoka.

"Mtu akikwama kwenye sala huwa tunamsukuma kwa amina," Gwi-nam anasimulia. "Ulimi uliniwasha. Nikaung'ata."

Mzee Tak alifumbua macho, akavaa miwani yake. "Koo linanisumbua leo," akasema, akachukua kofia na kutoka.

Kesi hakuifuta. Wakili wake alilisema hilo wazi koridoni, na hukumu itasomwa mwezi ujao. Gwi-nam aliiacha karatasi mezani ikiwa na neno moja, "Pyo". Deok-su alimrudisha Saemgol kwa gari. Alipozima injini aliuliza soya ya kesho ina magunia mangapi, na asubuhi alikuja kuyabeba.

Alhamisi hii Gwi-nam atafunga duka na kwenda ofisi ya kazi kumtolea Chanthou ushahidi. Msichana huyo anaishi kwenye chumba chake cha nyuma, amenenepa, na humshinda mwenyeji wake kwa karata kila jioni bila aibu. Hukumu ikimwendea vibaya, Gwi-nam atauza mashine ya kusagia na kurudia jiwe la kusagia kwa mkono la mama mkwe wake. "Mikono ipo," anasema. "Soya haijui habari za mahakama."

Kuna jambo moja zaidi linalomweka roho juu. Tangu Jumanne, Mzee Tak bado anakuja sala ya alfajiri, ila wenzake wakipaza sauti yeye anakaa tu, mdomo umefungwa. Jumapili hii ni zamu yake kuongoza sala mbele ya kanisa zima. Mchungaji alimuuliza kama ampe mtu mwingine. Tak alikataa.

Gwi-nam ameshapiga pasi nguo atakayovaa.

"Nimemwombea miezi minane," anasema. "Sasa nataka kumsikia."