Kamba ya Kushoto

Ninalotaka kusimulia hamtaliamini, na mkiliamini nitawashangaa. Mimi shule niliiachia darasa la nne, lakini daraja letu la nyasi nimelivuka mara nyingi kuliko kondoo wote wa bonde hili.

Mpwa wangu Saturnina ndiye mwalimu wetu. Kila Juni, kijiji kikijiandaa kusuka daraja jipya juu ya mto Apurímac, huwatolea watoto kitabu chake cha picha za madaraja. Mwaka mmoja aliwaonyesha lile la Brooklyn: mhandisi aliugua, mkewe Emily Roebling akawa anapeleka maagizo kwa mafundi mpaka likaisha.

Yesica, katoto kenye ulimi kama kisu, akauliza, "Na letu, mwalimu? Mhandisi wake nani? Mbona hayumo?"

"Ni ninyi."

Neno likishatoka halirudi. Kila nyumba hupeleka kamba yake, imesokotwa na kina mama, na Mzee Leoncio, bwana wa daraja, huikagua. Watoto hawakuwahi kupeleka. Sasa wakataka kupeleka yao; ikikataliwa, Saturnina atakuwa amewadanganya mbele ya kijiji kizima.

Wakaloweka nyasi, wakazitwanga kwa mawe, wakasokota mpaka viganja vikawaka moto. Siku ya kukabidhi, Mzee Leoncio akaishika kamba yao, akakunja uso.

"Imesokotwa kushoto hii! Nani kawafundisha?"

"Bibi," Yesica akasema. "Uzi wa kushoto unafukuza mabaya, tunaufunga mkononi. Tukaona na daraja lilindwe."

Wazee wakacheka. Mimi niliwashinda wote.

"Mjukuu wangu," Mzee Leoncio akamwambia, "zetu zote ni za kulia. Nikizisuka pamoja, moja inakaza, nyingine inalegea. Unataka mjomba wa mwalimu atumbukie mtoni?"

"Angalau ataoga!" mtu akadakia.

Saturnina hakucheka. Watoto walikuwa wanamtazama yeye, si mzee.

"Mzee, zile fupi za ubavuni, zinazounga kamba za kushikia na sakafu. Zile hazisukwi na nyingine, au sivyo?"

Mzee akatafuna majani yake ya koka mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mpwa wangu. "Hazisukwi." Akawapa watoto ncha moja, yeye na wanaume wawili wakashika ya pili. Wakavutana. Haikukatika.

"Haya. Ubavu wa kushoto wote, wenu."

Nalifikiria sana hilo. Madaraja ya kitabuni yana jina la mhandisi na umri wa babu za babu. Letu tunalikata, linakwenda na maji, na kila Juni Yesica anasokota upya. Sasa anasokota kulia.

Basi lile la mwaka huo lilipokamilika, wa kwanza kuvuka nilikuwa mimi, nimesimama wima, mtungi wa pombe ya mahindi kichwani, nacheza, upepo unalirusha daraja hadi kwenye—

"Mjomba," anasema Saturnina, anasomea begani kwangu haya ninayoandika, "ulivuka kwa magoti, macho umefumba, na kwenye kamba ya watoto tulikubandua kidole kimoja kimoja."