Siku Niliyoazimwa Maktaba

Mwaka jana niliazimwa maktaba. Sikuazima kitabu. Niliazimwa mimi.

Usicheke, ni kweli.

Hapa Ulaanbaatar, Mongolia, maktaba yetu ina siku ya watu-vitabu. Mtu aliyepitia shida anakaa kitini, msomaji anamwazima, anasimuliwa yote ana kwa ana.

Mimi hayo hayakunihusu. Nilikwenda ghorofani kujiandikisha elimu ya watu wazima, maana shule niliiacha darasa la tatu. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikishwa.

Kufika, namsikia mwalimu anawauliza watu mbele ya wote: "Uliishia darasa la ngapi? Kwa nini?"

Weee! Nikashuka ngazi nduki.

Mlangoni nikamkanyaga mguu mama mmoja, naye akiwa na haraka zake. Kwetu ukimkanyaga mtu unampa mkono hapo hapo, msije mkawa maadui. Nikampa.

Mhudumu wa maktaba, kule nyuma ya meza yake, aliona mikono tu.

"Aa, mmeshajuana! Kaeni, kaeni!" Akatusogezea viti viwili, akaenda kuhangaika na wengine.

Yule mama akawahi kiti cha msomaji kama anagombea siti.

"Haya, kitabu," akaniambia, "anza."

"Mama, mimi si..."

"Anza, mwanangu, muda unakwenda."

Nina aibu mimi, hata kukataa siwezi. Nikaanza.

Ule mwaka wa dzud barafu ilifunika malisho yote, mifugo ikafa kwa njaa. Baba akabakiwa na mbuzi mmoja. Tukamwingiza ndani ya hema, akalala kitandani kwangu.

"Alikuwa anakoroma?"

"Kumshinda baba! Na siku moja akanila utepe mweupe wa shule, nimeuvaa kichwani!"

Mama akacheka mpaka akapiga meza. Watu wakasogeza viti.

Basi nikasema na lile gumu: siku tuliyomchinja yule mbuzi tupate kula, tukahamia mjini, na shule ikaishia hapo.

Mtu akapenga kamasi.

Mhudumu akaja, meno yote nje. "Hongera, Bi Tungalag! Leo umewaliza watu!"

Alikuwa anamtazama nani? Yule mama!

Kumbe kitabu ni yeye.

"Nisamehe, mwanangu," akaninong'oneza, uso umemwiva. "Niliogopa. Uliponikanyaga nilikuwa natoroka."

"Hata mimi nilikuwa natoroka!"

Tulicheka, mbavu hatuna. Kisha akashusha pumzi, akahamia kiti changu, akasimulia yake. Siirudii hapa, ni mali yake.

Alipomaliza, nikapanda ngazi.

"Uliishia darasa la ngapi?" mwalimu akauliza.

"La tatu."

"Kwa nini?"

"Mwalimu, una muda?"

Ndugu zangu, mkinipendekezea visa vya kweli vya watu waliopita kwenye dhiki, nitavisoma vyote. Ila siamini tena kwamba wale watu walizaliwa na ujasiri mwingi kuliko sisi. Wengine, nahisi, walikamatwa mlangoni wakitoroka.